Mama Hakutaka Kuulizwa

Majirani zangu hapa Makole wakisikia kwamba nilimpeleka mama kwenye tiba ya sindano za Kichina, huniuliza swali moja tu: zinauma? Haziumi. Ni nyembamba kama unywele, hazina dawa ndani, na mtaalamu anafungua pakiti mpya mbele ya macho yako. Ikiingia unahisi kama umeng'atwa na sisimizi, kisha panakuwa pazito hapo hapo. Unalala nazo nusu saa hivi bila kujigeuza. Usiende na njaa, kuna wanaoshikwa na kizunguzungu, na kesho yake ukiona mahali pamevilia damu kidogo usitishike. Haya nayasema upesi kwa sababu hayakutusumbua. Kilichotuponza sisi ni maswali.

Maana kabla ya sindano kuna maswali, tena mengi. Unalalaje, unakulaje, choo kikoje, unatumia dawa gani, hasa zile za kufanya damu iwe nyepesi. Mtaalamu anakushika mkono kusikiliza mapigo, anakuambia utoe ulimi. Mama yangu, mkulima wa mtama na alizeti kule Chamwino, mgongo ulikuwa umemkamata tangu palizi, hata ndoo ya maji hanyanyui. Lakini alikuwa amekulia kwenye desturi ya kwenda kwa mganga na kunyamaza. Unakaa kwenye mkeka, husemi kitu. Mganga ndiye akuambie kilichokuleta. Akikuuliza unaumwa nini, basi hapo hakuna mganga, unachukua kuku wako unaondoka.

Yule mtaalamu, mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe, alimwamkia shikamoo, akaanza.

"Maumivu yanakuamsha usiku, mama?"

"Hapana." Yalikuwa yanamwamsha.

"Umepungua mwili?"

"Nipo vile vile." Gauni lilikuwa linamning'inia.

"Kuna uvimbe wowote, popote mwilini?"

Mama akanitazama. Fomu ya kujazia majibu nilikuwa nayo mimi, maana miwani yake ilikuwa imebaki nyumbani. Wiki mbili kabla, nikimsaidia kuoga, nilikuwa nimeuona uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu, ngozi imevutwa kwa ndani. Aliniambia ni jipu, nisimpigie kelele. Sasa macho yake yalikuwa yananionya nisimharibie mtihani, kwa sababu alikuwa anampima yule mwanamke. Mimi ni karani wa serikali. Mwaka mzima nawagombeza watu wanaojaza fomu kwa kuficha mambo. Nikaandika: hakuna.

Alipoambiwa alale kifudifudi alikunja uso, na mtaalamu akamuuliza kulikoni.

"Naogopa sindano zako," mama akasema.

Mtaalamu akamlaza kiubavu. Alipoamka alitembea hadi mlangoni bila kushika ukuta, na wiki ile alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miezi. Nilifurahi kipumbavu. Nilijiambia kwamba kama mgongo unapona, na lile jipu nalo litakauka. Nilikuwa najidanganya na nilijua.

Maumivu yalirudi, tukarudi, yakatulia, yakarudi tena. Mara ya sita mtaalamu hakufungua pakiti. Alinivuta pembeni.

"Mgongo wa jembe ungekuwa umeshatulia," aliniambia. "Sindano zinapunguza maumivu, lakini haya yanayorudi hivi siyapendi. Mpeleke hospitali akapigwe picha. Nenda leo, dada, usingoje kesho."

Tulikwenda siku ile ile. Daktari alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini. Aliitazama picha ya mgongo, akamtazama mama, akairudia picha.

"Mama," akasema, "hii haikuanzia mgongoni. Nadhani una uvimbe kwenye titi."

Mama akanigeukia, na tangu augue sikuwa nimemwona na uso mkunjufu kama ule.

"Umeona?" akaniambia. "Huyu ndiye daktari. Ameona mwenyewe."

Akafungua vifungo vya gauni bila kuombwa, akamweleza kila kitu: ulivyoanza msimu uliopita ukiwa mdogo kama punje ya mtama, ulivyokua, ulivyoanza kutoa majimaji, alivyokuwa anakunja kitambaa na kukiweka ndani ya nguo. Hakuficha hata moja. Kijana wa watu alisikiliza mpaka mwisho huku kalamu imesimama, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimeshaelewa kutoka usoni mwake kwamba tumechelewa.

Akauliza kama kuna mtu mwingine nyumbani aliyejua habari za uvimbe huo.

Safari hii mama hakunitazama. Alikuwa anafunga vifungo, taratibu, kimoja kimoja.

"Hakuna," akasema. "Mimi peke yangu."

Sikumsahihisha. Daktari akaandika alivyoambiwa.

Tulimzika kabla alizeti yake haijakomaa. Kaka zangu mpaka leo wanasema aliuawa na sindano za yule mwanamke, wanalisema hilo hata mbele ya wageni, nami sijawahi kuwabishia.