Vitambaa vya Altare vya Mama Nambozo

Mama mkwe wangu, Nambozo, alifua vitambaa vya altare vya kanisa letu la Namatala kwa miaka ishirini na miwili, akivipiga pasi ya makaa bila kuunguza hata uzi. Mwaka 1979, wanajeshi walioshindwa vitani walipopita Mbale wakikimbia, maduka yalivunjwa na padri akajificha. Maiti saba zililala siku mbili kando ya barabara, tatu za askari. Sanda haikupatikana. Nambozo alikuwa na ufunguo wa sakristia, chumba cha vifaa vya misa. Alitoa vitambaa vyote, na yeye na Sulait, muuza nguo wa mtaani, wakawaosha wale watu, wakawafunika, wakawazika.

Amani iliporudi, Katekista Apollo alitumwa kuandika historia ya parokia. Alikuja kwangu kwanza, kwa kuwa Nambozo alikuwa akiishi nami. Mtaani walikuwa wakinong'ona kwamba Nambozo alishika miili uchi ya askari, nami nilikuwa mjane wa mwanawe, mwenye jina la kulinda.

"Katekista, nyumba hii haizungumzi habari za askari."

"Hata neno moja, Mama Mwalimu?"

"Hata nusu."

Akaenda kuuliza majirani.

Darasani nilikuwa nikifundisha habari za Malkia Yodit wa Ethiopia ya kale, aliyeandikwa na watu wa kanisa kuwa mchoma makanisa. Niliwaambia wasichana waulize kwanza nani alishika kalamu.

Kitabu kilipotoka kilisema: "Nambozo alipora altare akawapa askari, rafiki zake." Kingesomwa kanisani siku ya jubilei ya parokia.

Nilikwenda Jinja, alikohamia Sulait. Alitia sahihi ushuhuda wake huku akicheka. "Wawili walikuwa Waislamu wenzangu, dada. Wamelala ndani ya vitambaa vya padri, na mpaka leo hawajanilalamikia!"

Apollo aliusoma mara mbili.

"Nakala zimeshagawanywa. Na kamati itasema huyu hata misa haijui."

"Lakini alikuwepo."

"Nawe ulikuwepo, Mama Mwalimu. Nilibisha mlangoni kwako."



Siku ya jubilei nilikaa na Nambozo benchi la mbele. Masikio yake yalikuwa yameziba kwa uzee. Ukurasa wake ulipofikiwa, watu waligeuka kumtazama.

"Wanasoma nini?" aliniuliza.

"Wamesoma jina lako, mama."

Akafunga vizuri kilemba chake, akashika bega langu, akasimama ili wote wamwone.