Shuka ya Ndege, Mwaka wa Malenge

Ule ndio mwaka tuliokula malenge asubuhi na jioni, kwa sababu mvua iliozesha mahindi yakiwa bado shambani. Watoto walilia wakiona tu sufuria.

Nilikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu, karibu na Rongai. Huyo mzungu alikuwa na kindege chake, na kazi yangu nyingine ilikuwa kutandika shuka nyeupe kwenye nyasi, ili aone pa kutua.

Adhuhuri moja kindege kilikuja kikikohoa, moshi mweusi ukikitoka puani. Ndani walikuwa wawili: mzungu, na fundi wake, Kalasinga mwenye kilemba, wa Nakuru mjini.

Nyapara akapiga kelele, "Tandika pale pa siku zote! Haraka!"

"Sitandiki mpaka miguu yangu ipite hapo kwanza," nikamjibu.

"Tangu lini mama mkamuaji akafundisha ndege kutua?"

"Ng'ombe nikimkamua vibaya ananipiga teke mimi peke yangu. Hii ikikanyaga tope itaua wawili!"

Nikakimbia pekupeku. Juu nyasi nzuri, chini maji matupu. Nikazama hadi vifundoni. Nikapanda upande wa juu penye changarawe, nikatandika huko, nikagandamiza kwa mawe.

Kindege kilikuwa kinashuka pale pa zamani. Mara kikainuka tena! Kikazunguka kikikohoa, kikaifuata shuka yangu, kikatua, kikasimama.

Mzungu alitoka. Alisema macho yake yote yalikuwa kwa moshi; fundi ndiye aliyemshika bega: "Bwana, shuka imehama!" Na huyo fundi, siku nyingine hangethubutu hata kumkatiza maneno.

Tukaenda pale pa zamani. Buti la mzungu likabaki kwenye tope. Akasimama na soksi moja, akatuambia kuanzia leo anayeona hatari aseme, hata akiwa mkamuaji. Nyapara akaangalia chini.

Mimi sikusoma, lakini hilo wajukuu wangu wote wanalijua, na najivunia: hakuna hata mmoja anayemnyamazia mkubwa akikosea.

Wiki moja baada ya siku ile jua liliwaka. Kindege kikasikika kwa mbali, nyapara akaja amenibebea shuka mwenyewe, anacheka.

"Mama, leo kumekauka kama mfupa. Si utandike tu?"

Nikamwambia, "Sitandiki mpaka miguu yangu ipite hapo kwanza."