Kanga ya Kufulia

Nilipohamishiwa Kibiti kufundisha, karibu kila nyumba ya mtumishi ilikuwa na binti wa kazi aliyelala humo humo, mara nyingi ameletwa na ndugu kutoka kwetu bara. Siku hizi mabinti hao ni wachache. Kazi imekatwa vipande: mmoja anafua, mwingine anapiga deki, wa tatu anapika siku ya wageni, na jioni kila mtu analala kwake. Anayewakutanisha ni mama mmoja mwenye kibanda cha simu karibu na stendi. Ameanzisha kundi kwenye simu. Unaandika unachohitaji, anakutumia picha ya mtu na siku atakayokuja. Siku hiyo ikipita unaandika neno moja tu, "Amekuja" au "Hakuja". Mwenye "Hakuja" anatolewa, kwani nyuma yake wapo wengi wanaosubiri nafasi.

Naueleza utaratibu huu polepole kwa sababu kosa langu lilipita humo.

Magoti yangu hayakunjiki vizuri tena, ndiyo maana niliomba mtu wa kufua. Aliyekuja alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa visiwa vya delta, ambako watu wake walikuwa wakikata mikoko. Alihamia Kibiti na watoto wawili baada ya kuachika. Kila Jumamosi alijifunga kanga moja nyekundu iliyopauka, ya kufulia tu, akainamia beseni. Akifika kwenye kola za mashati ya mume wangu alinitania kwamba bwana huyu bila shaka analima kwa shingo. Aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza watoto wake wamesoma shule moja mwaka mzima bila kuhamahama. Nafasi yake kwenye kundi ndiyo iliyowatuliza.

Kisha mpunga ukaanza kuiva. Asiyetoka huku huenda hajui maana yake. Punje zikishajaa, ndege hushuka kwa makundi, na lazima mtu awepo juu ya dungu, kile kibanda kilichoinuliwa kwa miti katikati ya shamba, awafukuze tangu alfajiri mpaka jua lizame. Shamba la mama yake liko upande wa Mohoro, bondeni, mahali ambapo simu haishiki. Ijumaa moja zikamfikia habari kwamba mama yake anaumwa na dungu halina mtu. Akaondoka siku hiyo hiyo.

Jumamosi nikasikia hodi. Getini alisimama mwanamke mwembamba nisiyemjua, akasema ametumwa kufua, mwenyewe ameenda kuamia ndege. Akakunjua kanga ile nyekundu, akaninyooshea kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi barua. Niliitambua kanga. Nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba ameiiba. Nikatoa simu, nikalinganisha picha na uso wake, nikamwambia kwa adabu kabisa kwamba tumeagizwa tusimfungulie asiye kwenye picha. Aliikunja kanga upya, pindo kwa pindo, akaondoka.

Nikaandika: "Hakuja."

Jumamosi iliyofuata nililetewa mfuaji mwingine. Nilipouliza, mwenye kundi akanijibu kwamba yule wa kwanza ametolewa, na aliyemtoa ni mimi.

Mpunga ulipovunwa, mama yule alikuja kwangu, si kufua. Alikaa barazani akanieleza nisichokijua. Kwao, kazi ukishaipokea ni ya nyumba yenu nzima. Ukiugua au ukifiwa, ndugu huingia mahali pako akiwa na kitu chako mkononi, na mwenye kazi akikiona kitu hicho ameshakuona wewe. Hakuwahi kudhani ni jambo la kumwambia mtu. Nilimwomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi hukunikosea. Mimi sikuwepo. Aliyekuja akarudishwa ni wifi yangu, mke wa kaka. Tangu siku ile hataki hata kuishika kanga yangu. Anasema imemwita mwizi."

Nilianzia kibandani. Nikaandika kwenye kundi, mbele ya wote: "Alituma mtu akaja. Niliyemrudisha ni mimi." Mwenye kundi alisoma, akasema nafasi imeshajazwa, atamrudisha mwisho wa foleni. Nikamsihi awaandike wawili pamoja, yeye na wifi yake. Akaniuliza kama darasani kwangu mtoto akiumwa dada yake humfanyia mtihani. Mpaka leo sidhani kwamba alikosea kuuliza.

Kisha nikaenda kwa wifi. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nilimwomba radhi, nikamwomba aje Jumamosi moja kunifulia mashuka, na ungo wake haukusimama.

"Ulinilinganisha na simu kama ng'ombe wa mnadani," akasema.

Nikakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Alimwaga pumba pembeni. "Jumamosi nitakuja. Ila sitabeba kitu cha mtu. Ukifungua, unifungulie mimi."

Mwenye kanga bado yuko mwishoni mwa foleni. Muhula huu mtoto wake mdogo amepelekwa kwa bibi yake, Mohoro, na ameanza shule nyingine. Kama nawe una mtu anayekuja kwako siku moja kwa wiki, muulize siku asiyoweza kuja atamtuma nani. Ni swali dogo, na hujachelewa kuliuliza.

Jumamosi ile wifi alikuja mikono mitupu. Nilifungua kabla hajabisha mara ya pili, simu nimeiacha ndani. Alifua mashuka yote akiwa na gauni lake mwenyewe, likalowa mpaka magotini, na nilipomletea kanga yangu ajifunge, akasema atavumilia.