Pikipiki Mbili na Njia ya Kwa Mama

Mama yangu aligoma kuhama shambani. Tulimbembeleza baada ya baba kufariki, tukamwandalia chumba nyumbani kwetu Rasbura, mjini Lindi, tukamnunulia hata kitanda kipya. Akaja, akakaa siku chache, akasema hapa kwenu kelele nyingi na mikorosho hakuna, akarudi kwake. Kwake ni ndani, kupita Mtama. Hadi Mtama ni lami. Ukiiacha lami unaingia njia ya mchanga, halafu bonde la mfinyanzi, halafu kilima cha mawe, ndipo unaliona paa la nyumba yake katikati ya mikorosho.

Mimi nina duka la vitambaa Lindi mjini, na kila nikipata nafasi naenda kumwona. Nilikuwa natumia pikipiki ya mume wangu, hizi za kawaida za bodaboda, fupi, za matairi laini. Kiangazi ilinifikisha. Masika moja tope la mfinyanzi lilijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Nikaiacha chini ya mkorosho wa watu, nikajitwika mchele na dawa za presha za mama, nikamaliza njia kwa miguu huku nalia kwa hasira. Niliporudi nyumbani sikusubiri hata kunawa miguu.

"Nanunua pikipiki ndefu," nikamwambia mume wangu. "Zile za mabwana shamba. Za lami na za porini."

Mume wangu ni seremala, mtu wa kupima kwanza ndipo akate. Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Ndefu? Na miguu yako hiyo, mama watoto?"

Tukacheka. Lakini kuanzia siku hiyo hatukuwa na mazungumzo mengine. Tukila, pikipiki. Tukizima taa, pikipiki. Alikuwa akinionyesha picha kwenye simu, mimi nikiuliza uzito, yeye akiuliza urefu wa kiti. Nilijiona kama msichana anayechaguliwa nguo ya sikukuu.

Ya kwanza tuliisikia iko Kilwa Masoko. Mwenye nayo alikuwa kijana wa mambo ya maji aliyehamishiwa mikoa ya juu, na hakutaka kuisafirisha. Tukapanda basi. Alipoitoa uani nikashika mdomo. Nyeupe, safi, imesimama kama mbuzi dume anayetaka ugomvi. Ilikuwa na rejeta ya maji ya kupoza injini, breki za diski mbele na nyuma, na saa yake ya mwendo inaonyesha tarakimu kama simu.

"Ijaribu, dada," kijana akasema. "Lami kwanza, halafu nitakuonyesha mchanga."

Nikaikalia. Vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa ardhi, tena vya mguu mmoja. Nikabonyeza kitufe, ikawaka bila kelele. Nikaitoa kwenye barabara ya kwenda Nangurukuru, na hapo, sijui niseme nini. Niligusa mafuta kidogo tu, minazi ikaanza kurudi nyuma. Lori lilikuwa mbele yangu. Kwa kawaida yangu ningelifuata kwa subira likinitemea moshi. Safari hii nililipita kabla sijamaliza kufikiria kulipita. Nilisikia sauti ndani ya kofia ngumu, nikatambua ni mimi napiga vigelegele peke yangu.

Niliporudi, kijana akanipeleka kwenye njia ya mchanga iendayo pwani. "Usiikabe," akanielekeza. "Simama kwenye vikanyagio, tazama mbali, iache icheze yenyewe." Nikasimama. Nilikuwa sijawahi kusimama juu ya pikipiki maishani mwangu. Ilipepesuka chini yangu kushoto na kulia, mimi juu nimetulia kama niliyesimama dirishani kwangu. Raha iliyoje! Nilitaka njia isiishe.

Ikaisha. Nikafunga breki, nikashusha mguu, mguu haukukuta kitu. Tulilala chini polepole, mimi na pikipiki, kwa adabu kabisa. Sikuumia. Lakini nilipoinama kuinyanyua, haikusogea. Nikavuta, nikasukuma, mchanga ukanijaa viatuni, mpaka mume wangu na yule kijana wakaja mbio.

"Springi zinaweza kushushwa kidogo," kijana akasema, akiipangusa mchanga.

"Na uzito unashushwaje?" mume wangu akauliza.

Nilimkanyaga mguu anyamaze. Mimi moyo wangu ulishakwenda. Njia nzima ya kurudi Lindi nilikuwa nayo kichwani, na usiku nililipita lile lori tena na tena.

Ya pili aliisikia mume wangu kwa mafundi wenzake. Karibu na Mtama kulikuwa na sista wa misheni, muuguzi, aliyezunguka zahanati za ndani kwa pikipiki miaka mingi, na sasa magoti yamemkataa. Alikuwa anauza, lakini walisema hamuuzii kila mtu. Kuna waliokwenda na pesa mkononi wakarudi nazo.

Tulimkuta barazani, mama wa makamo aliyenyooka, kitambaa cheupe kichwani na ndala miguuni.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Nani anayeendesha, wewe au huyu?"

"Mimi."

Akafurahi, niliona. Akatuongoza nyuma ya nyumba. Nilipoiona ile pikipiki moyo ukanywea. Nyekundu iliyopauka, ya zamani, injini ya kupozwa na upepo, inawashwa kwa kiki ya mguu. Taa yake ya mbele ilikuwa ya mviringo kama sahani ya chai. Matairi tu ndiyo yalikuwa mapya, yenye meno makubwa.

"Ilaze chini," Sista akasema.

"Nini?"

"Ilaze chini, halafu uinyanyue. Peke yako. Huko unakokwenda hakuna wa kumwita."

Nikailaza. Akanionyesha namna ya kuigeuzia mgongo, kushika usukani na nyuma ya kiti, kuchuchumaa na kusukuma kwa miguu badala ya kuvuta kwa mikono. Nikavuta pumzi, nikasukuma. Ikanyanyuka! Nilishangaa kiasi kwamba nilitaka kuilaza tena nione kama ni kweli. Nikailaza tena. Ikanyanyuka tena. Sista akapiga makofi.

"Basi panda. Wamenieleza mama yako yuko huko ndani. Nenda nayo hadi kwake, ukirudi tuzungumze. Mumeo utaniachia hapa. Nimesikia ni seremala, na mlango wangu wa jikoni haufungi."

Akanipa kofia ngumu mbili. "Moja ya nini?" nikauliza. "Mtu hajui njiani atampakia nani," akasema.

Kwenye lami haikunifurahisha, sitadanganya. Ilinguruma, usukani ukanitetemesha mikono, na basi lililonipita lilinipiga upepo nusura nikae pembeni. Nikaikumbuka nyeupe kwa uchungu. Kisha nikaiacha lami, nikaingia mchanga, nikasimama kwenye vikanyagio kama nilivyofundishwa Kilwa.

Ile pikipiki ilikuwa imezaliwa kwa njia hizi. Mchanga iliukata bila wasiwasi. Bondeni mvua ya juzi ilikuwa imeacha tope, lakini madigadi yake yako juu, mbali na tairi, na meno yalikuwa yakilitupa tope nyuma vipande vipande. Ilipotaka kuteleza nilishusha miguu yote miwili na yote ikafika chini, nikapiga kasia kama bata, tukavuka. Pale nilipoiacha pikipiki ya mume wangu masika yale, nilipita nikipiga honi. Kwenye kilima cha mawe nikaweka gia ya kwanza, nikaiacha ipande jiwe kwa jiwe, na kila jiwe nililolipita nililitukana kidogo, matusi ya heshima tu, kwa ajili ya miaka yote ile.

Mama alikuwa anapepeta ufuta. Akasimama na ungo mkononi.

"Nani huyo?"

Nikavua kofia. Akaweka ungo chini, akaizunguka pikipiki mara mbili, akagusa kiti, akagusa tope bichi kwenye tairi.

"Umepita bondeni? Leo?"

"Nimepita, Mama."

Akajipangusa vidole kwenye kanga. Kisha akasema, "Nipeleke kwa mdogo wangu."

Mama mdogo anaishi ng'ambo ya bonde jingine. Kidaraja cha miti kiliondoka na maji zamani, na tangu hapo ndugu hawa wawili, wazee wote, wamekuwa wakisikiana kwa simu tu, na simu yenyewe hadi upande kichuguu kutafuta mtandao. Nikamwambia mama hajawahi kupanda pikipiki, na kukaa upande kwa njia ile ni hatari.

"Nani kakwambia nitakaa upande?"

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa suruali ya marehemu baba chini ya kanga, ameifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Nikamfunga kofia ngumu. Nikashusha vikanyagio vya nyuma, akashika bega langu, akaingiza mguu na kukaa kama aliyefanya hivyo maisha yake yote. Kwenye ile nyeupe tungehitaji ngazi.

Mwanzoni alinibana mbavu nikashindwa kupumua. Tulipofika kijitoni, maji ya magoti, nikasimama kuangalia mawe.

"Unangoja nini?" mama akauliza mgongoni.

Nikaenda. Maji yakaruka huku na huku, injini ikakohoa, ikakaza, tukatokea ng'ambo tumelowa hadi mapajani. Mama alikuwa anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba, na anasema maneno ya Kimwera kwa haraka kiasi kwamba nilidaka moja moja. Kisha kwa Kiswahili, akinipiga bega: "Ongeza!"

Mama mdogo alisikia mlio akadhani ni bwana shamba. Alitoka na kiti cha wageni. Alipoona nani anavua kofia, kiti kikamponyoka. Hawakusalimiana. Walishikana tu, wakayumba pale uani, suruali ya baba ikiteremka chini ya kanga na hakuna aliyejali. Mimi nilikwenda kusimama karibu na pikipiki, nikajifanya nakagua mnyororo.

Nilimrudisha mama kwake, na niliporudi kwa Sista jua lilikuwa bado liko juu, tope limenifika kidevuni. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye mlango uliokwisha kutengenezwa, akinywa chai. Alinisoma usoni.

"Tutaichukua," nikasema.

"Nimeona ulivyoshuka," Sista akajibu. "Watu huwa wanashuka wakilalamika mgongo."

Nilimpigia simu kijana wa Kilwa, nikamshukuru. Akasema hakuna neno, kuna mtu wa Lindi anaitaka kwa safari za lami, na hapo ndipo mahali pake. Bado nikiona pikipiki nyeupe ya namna ile inanipita kifua kinanidunda. Sijawahi kulipita lori tena kama siku ile, na sioni kama nitalipita.

Juzi mama alinipigia akiwa juu ya kichuguu, upepo unavuma kwenye simu. Nilidhani anaumwa. Kumbe anataka nimtafutie kofia ngumu ya kwake mwenyewe. Ya Sista ni kubwa, inamfumba macho kwenye mawe, na yeye anataka kuona njia.

"Ya rangi gani, Mama?"

"Yoyote," akasema. "Ila isiwe ya kizee."