Puli Isiyo na Mpira

Mmanga bin Jabir bin Safari, wa Pujini. Safari ndiye aliyechimba kisima cha mtaa kwa mtaimbo mmoja. Jabir alipeleka karafuu za watu Chake Chake kwa punda miaka thelathini, halikupotea gunia. Mmanga mwenyewe, alipopata lori, aliwakimbiza waja wazito hospitali bila kumuuliza mtu chama chake. Na huo ulikuwa mwaka wa pili baada ya uchaguzi wa tisini na tano, watu hawazikani, mtu analiruka duka la jirani akanunue chumvi mtaa wa tatu.

Karafuu zilikuwa zimeiva, na lori linatetemeka. Puli ya krenki, gurudumu lile dogo la mbele linalozungusha mkanda wa mashine, mpira wake wa katikati ulikuwa umekwisha. Krenki, mhimili wa mashine, ikikatika kwa mtetemo huo, lori ndiyo basi, na karafuu za nusu ya Pujini zinyeshewe majamvini.

Fundi Jaribu akaja na puli mpya, nyeupe, nyepesi kama sahani ya bati.

"Si ya kiwanda chenyewe, Mzee, lakini ukiifunga mashine itaruka."

"Iruke iende wapi? Umeitoa wapi?"

"Nimekatazwa kusema."

"Basi sema upesi."

Jaribu akajikuna shingo. "Kwa Anas."

Anas, mwana wa marehemu nduguye Mmanga, mwenye duka la spea Chake Chake. Vyama vyao mbalimbali, na salamu hawapeani tangu kura. Mmanga aliitazama puli kama mtu aliyeletewa uji na mke mwenza.

Mkewe, Bi Siti, mfinyanzi, akaigonga kwa kidole. Ikalia ngiii.

"Haina ufa. Chungu kikilia hivi nakipeleka sokoni."

Jaribu akashika spana. Mmanga akamzuia. Hii ya zamani hata siku ilipotoka dukani haikupata kulia. Ukiigonga, du, kwisha. Mpira ndio uliokuwa ukinyamazisha. Sasa mtetemo wa mashine nzima, katika hii nyeupe, utanyamazishwa na nani?

Usingizi haukuja vizuri. Asubuhi akaifungua ile kuukuu, akatia puli zote mbili kikapuni, akenda Chake Chake.

Anas hakuinuka. "Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Hizi nyeupe umeuza ngapi?"

"Mbili. Hakuna aliyerudi kulalamika."

"Hawakurudi kwa kuridhika, au magari hayana tena uwezo wa kurudi?"

Mteja mmoja akacheka. Anas akakunja uso. "Sema tu, Ami. Wadhani nimekutega kwa ajili ya chama."

"Nilidhani hivyo jana kutwa. Leo weye nakushuku kidogo, chuma nakishuku zaidi. Mpira wake uko wapi?"

Anas akaigeuza puli, akachungulia ndani kama aliyekuwa hajapata kuitazama. "Wallahi sikuuliza. Nilisikia lori lako likipita, linalia kama mgonjwa. Nikampa Jaribu, nikamwambia asinitaje, maana ungeitupa."

"Ningeitupa," Mmanga alikiri.

Kisha Mmanga akaitoa ile kuukuu kikapuni, akamwekea mapajani.

"Lori haliendi bila hii, na sasa iko mkononi mwako. Kesho panda meli bandarini Mkoani, uende Dar. Duka kwa duka, mpaka upate mwenzake: chuma, na mpira katikati. Wakikwambia nyingine ni sawa na hii, kataa."

"Na karafuu za watu, Ami?"

"Zitakungoja weye. Haya, funga duka."