Pete za Don Moja Kasoro

Sonara Pyo Chang-gyu alikuwa na miaka sitini na saba pale benki ya mjini Namwon ilipomwomba aje kukaa mezani kwao. Ilikuwa Januari, mwaka tisini na nane. Nchi ilikuwa imeishiwa dola, na watu walikuwa wametakiwa kutoa dhahabu walizoweka majumbani. Walijipanga tangu asubuhi, wamejitanda mitandio, kila mmoja na kifurushi chake kifuani.

Karatasi za kupokelea zilitaka gramu. Wazee walijua don tu. Mtu akisema, "Mkufu huu ni don saba," Pyo alijibu papo hapo, "Gramu ishirini na sita na robo," na mizani ya umeme ikasema vivyo hivyo.

"Mzee, ungetuambia mapema tusingenunua mashine," alisema Miran, binti wa benki aliyekuwa akiandika.

"Zidisha kwa tatu na robo tatu, binti yangu. Hata jogoo anaweza, akitulia."

Alitania, lakini moyo wake haukuwa pale. Kila pete ya mtoto ilipowekwa kwenye sahani, aliigeuza kwanza atazame ndani. Watoto wa Namwon hupewa pete ya don moja siku wanapotimiza mwaka, na nyingi alizifua yeye, zikiwa na alama yake ya tawi la msonobari. Za miaka mingine hazikumpa shida. Alizoziogopa ni za baridi ya mwaka sabini na mbili.

Baridi ile mkewe, Sunrye, alikuwa akitema damu. Dawa zilikuwa ghali, na Pyo alikuwa fundi asiye na kitu. Siku moja alichukua kile kijiwe cha shaba cha don moja, kinachowekwa upande wa pili wa mizani, akakipiga tupa mpaka kikapungua sehemu moja ya kumi. Mteja aliweza kusimama akitazama kwa macho yake mawili. Mizani ililala sawasawa, naye akaenda zake ameridhika. Pete kumi na moja zilitoka hivyo. Sunrye alifariki kabla theluji haijayeyuka. Baada ya mazishi Pyo alikitupa kijiwe mtoni, akanunua kingine, na tangu hapo hakumpunja mtu tena. Majina ya wale watoto kumi na mmoja aliyajua kama ya wanawe, ambao hakujaliwa kuwapata.

Siku ya tatu, karibu na saa sita mchana, alifika Mama Dusik. Alikuwa akiuza maharage yaliyochipua sokoni. Mwanawe Dusik alizama mtoni akiwa na miaka sita, lakini mji mzima uliendelea kumwita mama huyo kwa jina la mtoto, na yeye aliendelea kuitika. Alifungua kitambaa polepole.

"Don moja," alisema. "Alivaa siku moja tu, siku ya sherehe yake. Nimeona nikifa nayo haitamfaa mtu."

Pyo hakuigeuza ile pete. Miran aliiweka kwenye mizani.

"Gramu tatu, nukta tatu nane. Mama, haifiki don. Ingekuwa tatu, nukta saba tano."

"Pima tena."

Ilipimwa tena. Ikawa vilevile.

Mwanamume mmoja nyuma ya foleni alisema, bila kushusha sauti, "Mumewe yule alikuwa akinywa. Atakuwa aliikwangua."

Mwingine akaongeza, "Pete ya marehemu! Watu wana roho."

Mama Dusik alisimama akikunja na kukunjua kile kitambaa. "Inawezekana," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Baba yake alikuwa akijua nilipoificha. Nami nilimzika nikimwombea heri."

Hapo Pyo aliinuka. Alishika ukingo wa meza.

"Mumeo hakuigusa, Mama Dusik. Niliipunguza mimi. Ilitoka mikononi mwangu ikiwa hivyo."

Miran aliacha kuandika.

"Kwa nini?" aliuliza Mama Dusik.

"Mke wangu alikuwa mgonjwa."

Mama Dusik alimtazama. "Alipona?"

"Hakupona."

"Mwanangu alikuwa mzima kabisa siku ile," alisema. "Alicheka mchana kutwa. Nilijua nimempa kitu kamili." Kisha akamgeukia Miran. "Andika ilivyo, binti." Alitia sahihi, akatoka bila kumuaga Pyo.

Benki haikumfukuza. Yeye mwenyewe alivaa koti lake akaondoka, na kesho yake duka lake halikufunguliwa. Mwaka ule alitembea akiwatafuta wale kumi waliobaki, mfukoni ana vipande vya dhahabu alivyokata kwa uzito uliopungua. Aliwapata wanne. Mmoja alimfungia mlango. Mmoja, dereva wa lori huko Jeonju, alisema pete yake iliuzwa zamani kwa karo ya shule, akamkaribisha supu ya maharage na kumsindikiza mpaka kituoni. Wawili walipokea vipande vyao, wakashukuru kwa adabu inayomchoma mtu kuliko tusi.

Kwa Mama Dusik alikwenda mara tatu. Mara zote alimkuta kibandani akiosha maharage.

"Weka hapo," alimwambia mara ya tatu, akionyesha kwa kidevu ukingo wa karai.

Pyo alikiweka kile kipande, kidogo kama punje ya mchele. Alingoja. Mama Dusik hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua maganda ndani ya maji ya baridi, vidole vikiwa vyekundu. Mteja alikuja akaulizia bei. Pyo akasogea kando ili ampishe.