Tableti ya Baba Mimbarini

Baba yangu alichomelea vyuma vya mgodi hapa Kolwezi mpaka alipostaafu. Kanisani, zamu yake ikifika, alisoma somo la kwanza. Hakuwa na cheo kingine. Wiki ya zamu yake alipiga pasi shati mwenyewe na kuwa mkali hata kwa kuku.

Mimi ni mwalimu, na wakati huo ndimi niliyekuwa kiongozi wa wasomaji wa parokia. Napenda vitabu vya karatasi, hata vumbi jekundu linalojificha kwenye kurasa zake, na mdomo ninao. Mdogo wangu anayefanya kazi Fungurume alipomletea baba tableti, nilisema huo ni mchezo wa watoto. Baba hakuiachia. Jumapili moja akapanda nayo mimbarini. Alisoma vizuri kuliko siku zote, bila kukwama, lakini kina mama wawili nyuma yangu wakacheka chinichini kwamba mzee amekuwa kijana. Niliona haya kwa ajili yake. Leo naona haya kwa ajili yangu.

Kwenye mkutano wa wasomaji nilisimama nikatangaza kwamba Neno linasomwa kitabuni, si kwenye mashine ya kutazamia sinema. Nilisema huku nikimtazama yeye. Ikawa sheria. Tulipotoka nje akaniambia polepole:

"Mwana, mule herufi zinakuwa kubwa. Macho inapumzika."

"Tata, vaa miwani yako. Batu banakuangalia."

Miwani yenyewe aliichagua sokoni, kwenye sinia la mchuuzi. Mtu aliyetazama moto wa kuchomelea miaka yote ile ananieleza habari za macho yake, na mimi nawaza watu watasema nini!

Zamu yake iliyofuata ilikuwa Kwaresima. Alipanda mikono mitupu. Akafungua kitabu kikubwa, akavaa miwani, akainama karibu, akarudi nyuma. Halafu akaanza, kwa sauti nzuri, bila kutazama chini. Mimi nilikuwa na somo la siku hiyo mapajani, nikamfuata kwa kidole, na kidole kikakosa pa kwenda. Alikuwa akitoa kichwani somo jingine kabisa, lile la Noeli. Padri aliinua macho, akamtazama, akamwacha amalize. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikusimama kumsaidia.

Nyumbani aliifuta tableti kwa kitambaa, akanikabidhi.

"Twaa, ukafundishe nayo batoto. Mi nimemaliza kusoma."

Nilimwomba msamaha. Nikamwambia nitaifuta ile sheria, apande na tableti mwezi ujao.

"Hapana, mwana. Ulisema muzuri. Mu kanisa banasoma mu kitabu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Hajapanda tena mimbarini.

Jioni hiyo niliiwasha tableti. Ilifunguka pale alipoishia: somo la Kwaresima, lile lile la siku hiyo, siyo la Noeli. Herufi alikuwa amezikuza mpaka kioo kizima kilitosha maneno manne tu. Nikasukuma kwa kidole, maneno manne, tena manne, nikitaka kufika mwisho kama alivyofika yeye wiki nzima akijiandaa. Nilichoka kabla ya nusu.